Shemeji Hana Mwajiri

Mtaa mzima tulimwita Shemeji. Wazee walimwita Shemeji, watoto walimwita Shemeji, na polisi aliyekuja siku moja kuuliza habari za baiskeli iliyoibwa aliondoka akimwita Shemeji. Kwa haki kabisa, mwenye ruhusa ya kumwita hivyo alikuwa mtu mmoja tu, Bwana Mikate, aliyemwoa dada yake. Sisi wengine tulidandia. Mimi ni mshonaji, sina ndugu aliyeoa kwao wala kuolewa kwao, ila duka langu limepakana ukuta na tanuri la mikate, na ua wetu ni mmoja. Ukikaa karibu na watu hivyo, undugu unakuingia kama vumbi la unga. Hulioni likiingia, unajikuta tu umeshakuwa mweupe.

Alikuja kumsalimia dada yake. Hiyo ndiyo kauli rasmi na haijawahi kubadilishwa. Alikuja na begi moja, mtoto wa kwanza wa dada yake akiwa bado ananyonya, akasema atakaa kidogo. Mtoto yule sasa ananyoa ndevu, na Shemeji alikuwa bado yuko kwenye ziara ileile. Walimpa stoo ya unga iwe chumba chake. Magunia yalilala upande mmoja, yeye upande wa pili, na unga ulipopanda bei Bwana Mikate akanunua mwingi kabla haujapanda tena, Shemeji alilala kwa ubavu.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuinama hata pasipo na mlango. Akifanya kazi aliimba, wimbo mmoja tu, na hakuwahi kufika ubeti wa pili. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nimegonga ukuta ule kwa mkasi mara nyingi nikimwambia ama ajifunze wimbo wote ama aache. Alinijibu kupitia dirisha, kwa heshima zote, kwamba ubeti wa pili una huzuni.

Sasa, kwa mtu aliyekuja kusalimia, alikuwa na shughuli. Asubuhi alichota maji, akapepeta unga, akamimina kwenye mashine, akakanda, akakata donge, akapanga kwenye trei. Mchana alipeleka mikate kwenye maduka kwa baiskeli yenye kreti mbili nyuma. Alasiri alikwangua trei, akafagia, akaanza kukanda tena kwa ajili ya mikate ya jioni. Mashine ikigoma aliitengeneza. Mteja akileta matata, dada wa dirishani, yule aliyekuwa akiuza, alimwita Shemeji, naye alikuja akiwa na unga mpaka kwenye kope, akainama, na mteja akaona aibu kuendelea. Ukimuuliza Bwana Mikate ana wafanyakazi wangapi, alijibu bila kupepesa macho: wawili. Mzee wa tanuri na dada wa dirishani. Na Shemeji? Shemeji yupo tu.

Nataka nimtendee haki Bwana Mikate kabla hamjaanza kumchukia, maana mimi mwenyewe nilishamaliza. Hana mkono wa birika. Ukipita kwake ukiwa na njaa utapewa mkate wa moto, na ukijaribu kulipa atakugombeza. Tatizo lake ni adabu. Adabu zimemjaa mpaka zinamzuia kufikiri.

Hilo lilionekana siku alipokuja mama wa bima. Alikuwa mwanamke mfupi, viatu vya chini, mwavuli mkononi hata kwa jua, na sauti ya mtu anayesoma bei za misumari. Alitukusanya sisi wenye biashara ndogondogo mbele ya kinyozi, akatueleza bima ya fidia kwa wafanyakazi. Mwenye mfanyakazi hata mmoja anawajibika. Hakuna cha biashara ndogo, hakuna cha nimeanza juzi. Michango anatoa mwajiri, wala hamkati mfanyakazi hata kidogo. Mtu akiumia kazini unatoa taarifa mara moja, sio ukae usubiri apone. Na usipomwandikisha, bima itamtibu yeye kwanza, halafu itakugeukia wewe na faini juu.

Kinyozi aliuliza, je, mteja akikatwa sikio?

"Mteja sio mfanyakazi," alisema mama wa bima.

Kinyozi akashusha pumzi, na sisi sote tuliokuwa tunanyolesha watoto wetu pale tukatazamana.

Bwana Mikate alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alisimama dirishani kwake akamtaja mzee wa tanuri, akamtaja dada wa dirishani, akatoa na mkate wa kumsindikiza mgeni. Mama wa bima akaukataa, maana kazi yake haimruhusu kupokea mikate, kisha akanyoosha mwavuli kuelekea mlango wa stoo, ambako Shemeji alikuwa anatoka na gunia begani.

"Na yule?"

"Yule ni shemeji," alisema Bwana Mikate.

"Nauliza, anafanya kazi hapa?"

"Mama, yule ni shemeji yangu. Ndugu wa mke wangu. Tumbo moja."

Alilisema kama mtu aliyeulizwa kama mkewe anauzwa. Shemeji alitua gunia, akajifuta mkono, akaja kumwamkia mama wa bima, akamuuliza hali ya nyumbani, watoto, na safari. Akaelezwa kwamba wote wazima. Akashukuru, akarudi kuchukua gunia lingine. Mama wa bima alimtazama mpaka akapotea ndani, halafu akafunga kalamu.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na nataka lieleweke vizuri, kwa sababu watu walikuja kusema baadaye kwamba Bwana Mikate alikwepa michango. Hakukwepa kitu. Michango ya mtu mmoja zaidi isingemtoa jasho. Alishindwa kumpanga ndugu wa mkewe mstari mmoja na watu wa mshahara. Angeonekana anamdharau. Kwa hiyo kwa heshima, kwa roho safi kabisa, alimwacha nje ya kitu pekee ambacho kingemsaidia.

Basi ikaja siku ya ajali. Ilikuwa alasiri, kuna oda kubwa ya shule, na mashine ya kukanda inazunguka. Mashine ile ina bakuli kubwa na mkono wa chuma uliopinda kama ndoano, na zamani ilikuwa na kifuniko. Kifuniko kilivuliwa kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele, halafu kikatumika kufunikia pipa la maji, ambako kilifaa sana. Donge lilikuwa linang'ang'ania ukingoni, na Shemeji akalisukuma kwa mkono huku chuma kinazunguka, kama alivyofanya maelfu ya mara na kama walivyofanya wote pale.

Nilisikia wimbo umekatika katikati ya ubeti wa kwanza. Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilitupa kitambaa cha watu chini nikakimbia. Mzee wa tanuri alikuwa ameshachomoa waya ukutani. Shemeji amesimama, mkono wa kulia uko ndani ya bakuli mpaka kwenye kiwiko, uso umekuwa wa majivu, na donge linabadilika rangi.

"Samahani," alituambia. "Nimeharibu unga wa watu."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Ndivyo ninavyolia mimi.

Hospitali walimwosha, wakamshona, wakamfunga. Vidole vyote vilikuwepo, tukamshukuru Mungu, tukadhani yameisha. Daktari akatuita pembeni, mimi, Bwana Mikate na dada yake Shemeji, akatueleza polepole. Kano zinazokunja vidole vitatu zimekatika. Zinaweza kuunganishwa na daktari bingwa, kwenye hospitali kubwa, lakini iwe upesi, sio mwezi ujao wala unaofuata. Zikichelewa zitajikunja ndani na kushika huko, na vidole vile vitabaki vimenyooka mpaka anaingia kaburini. Hatashika gunia. Hatashika usukani wa baiskeli. Hatafunga kifungo cha shati.

Bwana Mikate akauliza bei. Daktari akaitaja. Ilikuwa bei ya tanuri, mashine, na baiskeli yenye kreti zake, ukimpata mnunuzi mwenye huruma.

"Lakini si aliumia kazini?" daktari aliuliza. "Hii ni ya bima."

Ikawa kama mtu kawasha taa. Bwana Mikate hakurudi hata nyumbani, alienda moja kwa moja ofisi ya bima kutoa taarifa mara moja kama alivyofundishwa. Akamkuta mama wa bima, mwavuli umetundikwa kwenye kiti. Akamwambia: shemeji yangu ameumia.

Mama wa bima akamuuliza, huyu shemeji anaishi kwako? Anaishi kwangu. Unamlisha? Namlisha. Umemwajiri? Na Bwana Mikate, mkono wa mtu umejeruhiwa, kano zinajikunja, akajibu kwa fahari: "Mimi siwezi kumwajiri ndugu wa mke wangu."

Mama wa bima akamweleza kwamba ndugu anayekaa nyumbani na kusaidia bila mshahara sio mfanyakazi, na bima haimhusu. Kama ni mfanyakazi, basi bima itamtibu hata kama hakuandikishwa, na Bwana Mikate atalipa faini na michango ya nyuma. Lakini lazima mwajiri na mfanyakazi wenyewe waje waseme, na mashahidi waje. Akampa siku.

Bwana Mikate alirudi akiwa ameshakubali faini. Faini haikumsumbua. Lililomkwama lilikuwa neno. Nililisikia likijadiliwa jioni ile kupitia ukuta, na msiniambie habari ya kusikiliza ya watu, ukuta ule ni wa tofali moja na mimi nilikuwa napiga pasi.

"Nitasema tu ni mfanyakazi," alisema Bwana Mikate. "Ni maneno ya ofisini."

"Ya ofisini?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe. "Ukimwita ndugu yangu mfanyakazi wako mbele ya watu, mimi nitakuwa nani? Nitampakulia chakula kama dada yake au kama mke wa tajiri wake?"

"Mke wangu, mkono ule—"

"Najua mkono! Mimi ndiye ninayemfunga vifungo! Kwetu watasema tulimwita mtoto wao tukamfanya kibarua. Watasema alitoka kwa mama akiwa mtu, tukamfanya punda wa unga. Sema kitu kingine. Sema alikuwa mgeni."

"Nimeshasema alikuwa mgeni. Ndio maana hawamtibu."

Shemeji mwenyewe alikuwa stoo, mlango wazi, anawasikia kama nilivyowasikia mimi. Nilichungulia dirishani. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, na kwa ule mwingine alikuwa anajaribu kukunja vidole vya kulia, kimoja kimoja. Vikawa vinanyooka. Aliponiona akatabasamu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye hatamwaibisha mtu.

Nikajua hapo tumekwisha.

Siku ya ofisini tulikwenda watu watano: Shemeji, dada yake, Bwana Mikate, mzee wa tanuri na mimi. Tulikaa kwenye benchi moja, mbele ya meza ya mama wa bima. Chumba kilikuwa na feni inayozungukia upande wake tu. Akaanza na mzee wa tanuri.

"Huyu bwana unamfahamu?"

"Namfahamu sana."

"Ni nani?"

"Ni Shemeji."

"Shemeji yako?"

"Hapana. Shemeji tu."

Mama wa bima akaandika. Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, nimejisemea njia nzima kwamba nitasema mfanyakazi, mfanyakazi, mfanyakazi. Akaniuliza: "Wewe siku ya ajali uliona nini?" Nikasema: "Nilikimbia nikamkuta Shemeji kwenye mashine." Likawa limetoka. Neno ukilitumia miaka yote hiyo linatangulia lenyewe.

"Anafanya kazi pale?"

"Anafanya kazi kuliko wote!" nilisema kwa hasira. "Kuanzia alfajiri. Ndiye anayekanda, ndiye anayepeleka, ndiye—"

"Kwa mshahara?"

Hilo sikulijua.

"Na wewe," aliniuliza bila kuinua uso, "una wafanyakazi?"

"Sina. Nipo na mpwa wangu, ananisaidia tu kutia vifungo."

Akainua uso. Akanitazama kwa muda. Akaandika kitu ambacho sikukipenda.

Kisha akamgeukia Shemeji, na sauti yake, ile ya bei za misumari, ikashuka kidogo.

"Bwana, nani amekuajiri?"

"Hakuna aliyeniajiri, mama. Niko kwa dada."

"Unalipwa?"

"Silipwi. Ninapewa ya sabuni."

"Ya sabuni. Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho. Siku moja na hawa wenzangu wanapochukua mshahara."

"Kwa hiyo wenzako wanachukua mshahara, na wewe ya sabuni, kwenye dirisha moja."

"Hapana, mama. Mimi napewa ndani." Akasema kwa heshima, kuonyesha tofauti.

"Anayekuambia ukande ni nani?"

"Hakuna anayeniambia. Siwezi kutumwa na shemeji. Ananiomba."

"Anakuombaje?"

"Anasema, shemeji, kama hutajali, unga uko pale."

"Na ukijali?"

Shemeji akafikiri kweli. Ilionekana ni mara ya kwanza anaulizwa. "Bado sijajali," alisema.

"Umewahi kuambiwa kwamba ukikosea utamwaga unga?"

"Unga siumwagi, mama. Naumimina taratibu. Isipokuwa siku ile."

Mzee wa tanuri alicheka, akajifanya anakohoa. Mama wa bima hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Bwana, nikusaidie. Mimi sina shida na wewe. Nataka kukutibu. Lakini nikiandika uliyoniambia, wewe ni mgeni uliyeingiza mkono kwenye mashine ya mwenyeji wako. Nakuuliza mara ya mwisho. Je, wewe ni mfanyakazi wa huyu bwana?"

Shemeji alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama Bwana Mikate. Halafu akauangalia mkono wake, nami nikaona, naapa niliona, jinsi alivyotaka kusema ndiyo.

"Hapana, mama," alisema. "Nilikuja kusalimia."

Mama wa bima akachukua kalamu. Mkono wangu ukashika kiatu. Sijui nilitaka kumpiga nani. Wote, nadhani.

Hapo Bwana Mikate akasimama. Alisimama kama mtu anayesimamishwa na mwingine.

"Usiandike," alisema. "Anakudanganya."

"Shemeji," alisema Shemeji, kwa sauti ya kumsihi.

"Nyamaza. Mama, huyu ni mfanyakazi wangu. Namtuma. Naita kuomba, lakini namtuma, hakuna siku nimeomba nikafikiri atakataa. Yeye ndiye anayekanda. Mimi siku hizi hata sijui hamira inawekwa kiasi gani, anajua yeye. Na ile ya sabuni ni mshahara. Ni mshahara mdogo kuliko wa huyu mzee, mdogo kuliko wa yule dada wa dirishani. Ni mdogo kwa sababu ni ndugu. Wale wengine nilikuwa naogopa wataondoka. Huyu nilijua hana pa kwenda, atasema nini, kwamba ameacha kazi kwa dada yake? Basi nikawa namheshimu. Heshima ilikuwa inanitosha mimi."

Feni ilizunguka. Mkewe alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Nilitegemea atafoka, na nilikuwa tayari kufoka naye, upande wowote. Hakufoka. Alinyoosha mkono akamshika ndugu yake begani, akaubakiza pale.

"Ni kweli?" mama wa bima alimuuliza Shemeji.

Shemeji alikuwa anamtazama Bwana Mikate kama mtu anayemwona kwa mbali na bado hajawa na hakika.

"Ya huyu mzee ni kubwa kuliko yangu?" aliuliza.

"Ni kubwa," alisema Bwana Mikate.

Mzee wa tanuri akaangalia dirishani.

"Basi ni kweli, mama," alisema Shemeji. "Nilikuwa kazini."

Mama wa bima aliandika kwa haraka, kama mtu anayeogopa watabadili mawazo. Alipomaliza alisema barua ya hospitali kubwa itatoka leo hii, na Shemeji apelekwe kesho, asicheleweshwe. Alimwambia Bwana Mikate kiasi cha faini na jinsi michango ya nyuma itakavyohesabiwa, naye aliitikia kwa kichwa kila mara, hata pale ambapo hakuulizwa. Kifuniko cha mashine kirudishwe. Bwana Mikate alisema kitarudi. Pipa la maji atalitafutia kingine.

Kisha akamgeukia Shemeji na kumsomea haki zake, bila kupumua, kama alivyotusomea sisi kwa kinyozi. Matibabu yote. Malipo ya siku za kuuguza mkono. Fidia kama vidole havitarudi sawa. Na alipofika kwenye hesabu za michango ya nyuma aliuliza, kwa kujaza fomu tu, siku ambazo Shemeji hakuwa kazini kila mwaka, yaani likizo.

"Likizo ndiyo nini hasa, mama?" aliuliza Shemeji. "Neno nalisikia. Nauliza kwa sisi wa mikate."

"Ni siku za mapumziko. Mfanyakazi anakwenda kwao, anapumzika, na mshahara unaendelea."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Hata kama kuna oda?"

"Hata kama kuna oda."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nikadhani anafurahi. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya kitu kingine.

"Mama alipougua," alisema, na hakuwa anamwambia mama wa bima, alikuwa anamwambia dada yake, "wewe ulikwenda. Mimi nilibaki, kwa sababu kulikuwa na mikate ya harusi ya watu, na nilisema siwezi kuwaacha wenyeji wangu. Wiki ile ile huyu mzee alikwenda kwao kumzika mjomba. Akarudi, akapokea mshahara wake mzima. Mimi ndiye niliyeshika na tanuri lake. Mama aliniulizia hadi mwisho, si ndivyo ulivyoniambia? Nilidhani kwamba hakuna ruhusa ya kuomba. Sikujua kwamba ningeweza kuomba tu."

Dada yake alilia kwa sauti. Mimi pia nililia, na sikumfokea mtu yeyote, ambalo kwangu ni jambo geni. Mzee wa tanuri alivua kofia akaishika magotini.

Bwana Mikate alikuwa bado amesimama. Alitafuta cha kusema, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, na mwishowe akakipata kile alichokuwa nacho.

"Ukitoka hospitali," alisema, "usirudi tanurini. Nenda nyumbani, kaa kaburini kwa mama kadiri unavyotaka. Nakupa likizo."

Shemeji akainua uso. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa vizuri, ili asije akakosea.

"Ya mwaka upi, bosi?"